"Shoop": Wimbo Ambamo Mwanamke Ndiye Mtongozaji

"Shoop" ni wimbo wa Salt-N-Pepa, kundi la wanawake wa rap la New York, Marekani. Ulitoka Septemba 1993 ukiitangulia albamu yao ya nne, Very Necessary, na ukapanda hadi nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Kisa chake ni chepesi: mwanamke anamwona mwanamume apitaye, anavutiwa na umbo lake, anasema waziwazi anachokiona na anachokitamani, kisha anamwendea. Kisa hicho kilikuwa kimeshaimbwa mara nyingi mno kabla yake, lakini karibu siku zote mwenye kuona, kusema na kuendea alikuwa mwanamume. Salt-N-Pepa walizibadilisha nafasi hizo bila kuomba radhi na bila hasira, na mabadiliko hayo hayakuishia kwenye mashairi. Yalifika hadi studio, kwa watu walioushikia wimbo huo kalamu na mitambo. Hapo ndipo ulipo uzito wake.

Kundi na safari yake

Cheryl James, anayejulikana kama Salt, na Sandra Denton, yaani Pepa, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, walikutana wakiwa wanafunzi wa chuo cha Queensborough, katika eneo la Queens. Wote wawili walifanya kazi katika duka la Sears, na mfanyakazi mwenzao mmoja, Hurby Azor, alikuwa akisomea masuala ya muziki na utangazaji. Alihitaji sauti za kurekodi kwa ajili ya kazi ya darasani, akawachukua. Wimbo uliotokana na kazi hiyo, "The Showstopper" wa mwaka 1985, ulikuwa jibu kwa "The Show" wa Doug E. Fresh na Slick Rick. Wasichana hao walianza basi kwa kuwajibu wanaume, na kujibu kukabaki kuwa mtindo wao kwa miaka kadhaa. DJ wao aliyedumu nao kwa muda mrefu, Deidra Roper, maarufu kwa jina la Spinderella, alijiunga baadaye.

Albamu ya kwanza, Hot, Cool & Vicious ya mwaka 1986, iliuza nakala zaidi ya milioni moja Marekani, hasa baada ya "Push It" kupata toleo jipya lililorekebishwa na Cameron Paul, DJ wa San Francisco. Kwa mada hii, hata hivyo, wimbo muhimu zaidi katika albamu hiyo ni "Tramp". Wimbo wa jina hilo ulirekodiwa na Lowell Fulson, kisha mwaka 1967 ukaimbwa kwa kujibizana na Otis Redding na Carla Thomas. Katika lugha ya mitaani ya Kimarekani, jina hilo likielekezwa kwa mwanamke lina maana ya asiye na heshima katika mambo ya mapenzi. Salt-N-Pepa walilichukua wakawabandika wanaume wanaowasumbua wanawake kila wanapopita, wakawatahadharisha wasichana wenzao dhidi yao. Tricia Rose, mtafiti wa utamaduni wa hip-hop, aliuchambua wimbo huo katika kitabu chake Black Noise cha mwaka 1994 kama mzaha wenye makali juu ya tabia za kutongozana.

"Tramp" uligeuza lawama. Mwanamume alibaki mtongozaji na mwanamke akabaki mwenye kukataa, ila safari hii mwenye aibu alikuwa mwanamume. Miaka saba baadaye "Shoop" ulivuka hatua hiyo, kwa sababu ndani yake mwanamke hakatai chochote. Anataka, na ndiye anayeanza.

Katika miaka ya mwanzo Azor ndiye aliyekuwa mtayarishaji, msimamizi na mwandishi wa sehemu kubwa ya nyimbo zao. Wanawake walioimba juu ya kujiamini kwa wanawake walikuwa wakighani mengi yaliyoandikwa na mwanamume. Hata "Let's Talk About Sex" wa mwaka 1991, ulioliweka suala la ngono mezani bila kificho, ulitungwa na Azor. "Shoop" ulipatikana kwa njia nyingine. Mdundo ulitoka kwa Mark Sparks, na Salt na Pepa wenyewe walishiriki kuandika mashairi na kuusimamia wimbo ulivyopikwa. Msikilizaji asiyejua lolote juu ya mikataba na majina ya waandishi bado ataisikia tofauti: maneno yana ulegevu wa mazungumzo ya wanawake wakiwa peke yao, yakirukaruka kutoka utani hadi sifa, kutoka sifa hadi tamaa.

Namna mashairi yanavyofanya kazi

Mbinu ya kwanza ya wimbo ni kuchukua lugha ya kutongozea ya wanaume ilivyo na kuielekeza upande wa pili. Katika mitaa ya miji ya Marekani, kama ilivyo katika miji mingi duniani, mwanamke apitaye hutupiwa maneno juu ya mwendo wake, makalio yake na nguo zake. Maneno hayo yana mifano yake iliyozoeleka, mingine ikifananisha mwili na chakula, mingine ikimshukuru mzazi aliyezaa umbo kama lile. Salt na Pepa wanaitumia mifano hiyohiyo kwa mwanamume. Salt anamsifu kwa umbo la nyuma na kumtolea shukrani mama yake. Mizaha ya barabarani iliyokuwa mali ya wanaume wa kijiweni inatoka vinywani mwa wanawake, na mara inapobadili mwenyewe, msikilizaji anaisikia kwa mara ya kwanza jinsi ilivyo. Aliyezoea kuirusha anaonja ladha ya kurushiwa, na aliyezoea kurushiwa anaonja ladha ya kuimiliki.

Mbinu ya pili ni kuitikiana. Kiongozi anawauliza wenzake udhaifu wake ni upi, nao wanamjibu kwa pamoja kwamba ni wanaume. Muundo huu una asili katika makanisa na nyimbo za kazi za Wamarekani Weusi, ambamo sauti moja huita na jamii ikaitika. Ndani ya "Shoop" unafanya kazi mahususi. Tamaa ya mwanamke mmoja haiachwi peke yake ikaonekana kituko, kwa maana inapata mashahidi, wanawake wanaoijua, wanaoicheka na kuikubali. Mwanamke anayetamani katika wimbo huu amezungukwa na marafiki, na hadhi yake haishuki machoni pao hata kidogo.

Mbinu ya tatu ndiyo yenye ujasiri zaidi, nayo inapita kwa haraka katika beti za Pepa. Anasema kwamba hana aibu ya kumwomba mwanamume namba yake ya simu, na papo hapo analitaja tusi ambalo jamii humpa mwanamke afanyaye hivyo, kisha analikataa kwamba halimhusu. Hapo ndipo wimbo mzima ulipojishikiza. Mwandishi alijua kwamba kila msikilizaji, awe mwanamume au mwanamke, atakuwa ameshaanza kutoa hukumu moyoni. Akaitangulia hukumu hiyo, akaitamka kwa jina lake, akaendelea na safari. Hakutoa hotuba wala hakujitetea kwa kirefu. Kukataa kwake kunachukua pumzi moja, na ufupi huo ndio unaoonyesha kujiamini: anayejieleza sana amekubali kwamba anashtakiwa.

Mwishoni anaingia mwanamume, Otwane Roberts, aliyejulikana kama Big Twan. Anakuja kama mgeni katika wimbo wa wenyewe, na anapewa ubeti mmoja kuwajibu. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ya mgeni ilikuwa ya mwanamke, wa kuitikia au kupendezesha wimbo wa mwanamume kwa muda mfupi kisha aondoke. Ubeti wake una umuhimu mwingine pia. Yeye aliyekuwa akitazamwa anapata sauti, na anachosema ni kwamba amefurahi. Majigambo yake yanakutana na majigambo ya wanawake, na kutongozana kunakuwa mchezo wa watu wawili wanaotakana.

Mdundo na historia iliyofichika ndani yake

Mdundo wa "Shoop" umejengwa juu ya "I'm Blue", wimbo uliotungwa na Ike Turner na kuimbwa kwanza na kundi la The Ikettes mwanzoni mwa miaka ya 1960. The Ikettes walikuwa waitikiaji katika maonyesho ya Ike na Tina Turner. Katika wimbo huo wa zamani mwanamke ni mpweke mwenye huzuni kwa ajili ya mpenzi, na jina lenyewe linatangaza huzuni hiyo. Ike Turner ndiye aliyemiliki bendi, akaandika, akapanga nani aimbe nini na alipwe kiasi gani. Ukatili wake kwa Tina ulikuwa umeshaelezwa na Tina mwenyewe, na filamu ya What's Love Got to Do with It, iliyoyaonyesha mateso hayo kwenye kumbi za sinema, ilitoka Juni 1993, miezi michache kabla ya "Shoop".

Kwa sababu kipande cha wimbo huo wa zamani kilitumika, jina la Ike Turner limo katika orodha ya watunzi wa "Shoop". Sheria ya hakimiliki ilimtambua yeye, na wanawake walioimba kwanza hawakupata nafasi katika orodha hiyo. Hata hivyo wimbo uliozaliwa chini ya amri ya mwanamume mmoja, ukibeba huzuni ya mwanamke anayengoja, ulikatwa na kurudiwarudiwa hadi ukawa sakafu ya kuchezea wanawake wasiongoja. Rap ina uwezo huu wa kipekee wa kuchukua mali ya jana na kuipa maana ya leo, na Salt-N-Pepa waliutumia mara mbili katika albamu hiyo hiyo. "Whatta Man", waliouimba na En Vogue na uliofika nafasi ya 3 mwaka 1994, ulijengwa juu ya wimbo wa Linda Lyndell wa mwaka 1968. Huo unamsifu mwanamume mwema, mwaminifu na mwenye kujali. Ukisikilizwa pamoja na "Shoop", unathibitisha kwamba mwanamke mwenye kutamani na mwanamke mwenye kuheshimu mume wake si watu wawili tofauti.

Mizigo waliyoirithi

Salt-N-Pepa hawakuwa wa kwanza. Miaka ya 1920 waimbaji wa blues kama Ma Rainey na Bessie Smith waliimba juu ya vitanda, wivu, kuachwa na kuacha, kwa uwazi ambao redio za miaka iliyofuata zisingeuthubutu. Katika "Prove It on Me Blues" wa mwaka 1928, Ma Rainey aliimba juu ya mwanamke anayevaa mavazi ya kiume na kupenda kuwa na wanawake. Angela Davis, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya wanawake hao, alieleza kwamba kwa watu ambao babu na bibi zao walikuwa watumwa, kuchagua wa kulala naye kulikuwa mojawapo ya alama za kwanza za uhuru zilizoweza kushikika mkononi.

Lakini urithi huo ulikuja na mzigo. Utumwa ulimzulia mwanamke Mweusi sura ya mtu mwenye tamaa isiyozimika, sura iliyotumika kuhalalisha kubakwa kwake na mabwana. Patricia Hill Collins, katika Black Feminist Thought cha mwaka 1990, aliiweka sura hiyo miongoni mwa picha za kubuni zinazotumika kuwatawala wanawake Weusi. Ili kuikana, wanawake wengi wa tabaka la kati na wa makanisani walichagua njia ya staha: kuvaa kwa heshima, kusema kwa kipimo, kutolitaja suala la ngono kabisa. Evelyn Brooks Higginbotham aliieleza njia hiyo kwa kina katika Righteous Discontent, kitabu kilichotoka mwaka 1993, mwaka uleule wa "Shoop". Njia hiyo ilileta ulinzi na ilijenga shule na vyama, lakini gharama yake ilikuwa ukimya. Mwanamke Mweusi aliyetaka kuheshimiwa hakutakiwa kuonekana akitamani.

Hivyo kila mwanamke Mweusi aliyeimba juu ya mwili wake alikuwa kati ya hatari mbili. Akisema, anaweza kuonekana anaithibitisha sura ya utumwani. Akinyamaza, anawaachia wengine wamsemee. Ndani ya rap yenyewe, jibu la kwanza maarufu lilitoka kwa Roxanne Shanté, msichana wa miaka 14 wa Queens. Mwaka 1984 kundi la UTFO lilitoa wimbo ambamo wanaume watatu wanamtongoza msichana aitwaye Roxanne bila yeye kusikika akisema. Shanté akaichukua nafasi ya msichana huyo asiye na sauti na kuwajibu wote watatu. Salt-N-Pepa walifuata nyayo hizo, kisha wakazipita.

Mwaka 1993 na maana yake

"Shoop" ulitoka wakati ambapo miili ya wanawake ilikuwa bidhaa kubwa katika rap. Albamu ya 2 Live Crew ya mwaka 1989 ilitangazwa na jaji wa Florida mwaka 1990 kuwa ni uchafu unaokiuka sheria, hukumu iliyotenguliwa katika rufaa mwaka 1992. The Chronic ya Dr. Dre ilitoka Desemba 1992 na Doggystyle ya Snoop ilitoka Novemba 1993, zote zikiwa na ufundi mkubwa wa muziki na matusi mengi kwa wanawake. Mjadala wa hadharani ulikuwa umegawanyika kati ya waliotaka nyimbo hizo zipigwe marufuku na waliotetea uhuru wa kusema. Katika pande zote mbili mwanamke alionekana zaidi kama wa kulindwa au wa kutumiwa. "Shoop" uliingia kwa mlango mwingine: mwanamke akaonekana kama mwenye macho, mwenye mdomo na mwenye uamuzi. Katika video yake, iliyoongozwa na Scott Kalvert, vifua vya wanaume ndivyo vinavyopewa nafasi ambayo video nyingi za wakati ule ziliwapa wanawake.

Miaka hiyo pia ilikuwa miaka ya hofu ya UKIMWI. Mwaka 1992 Salt-N-Pepa waliuandika upya "Let's Talk About Sex" kuwa wimbo wa kuelimisha juu ya ugonjwa huo, uliotumika katika kipindi cha televisheni cha Peter Jennings wa ABC. Very Necessary inafungwa kwa igizo fupi la vijana wa Boston juu ya wapenzi wanaopata habari ya maambukizi. Albamu iliyofunguka kwa raha ilifungwa kwa onyo. Waliokuwa wakiitamka tamaa yao walikuwa tayari pia kuutamka wajibu unaoandamana nayo, na uaminifu huo ni jambo ambalo nyimbo nyingi za majigambo, za wanaume na za wanawake, hazijalifikia.

Wimbo mwingine wa albamu hiyo, "None of Your Business", uliolitetea moja kwa moja suala la mwanamke kuamua mambo yake ya kitandani bila kuhukumiwa, uliwapa tuzo ya Grammy mwaka 1995. Usiku huohuo Queen Latifah alishinda tuzo ya rap ya msanii wa peke yake. Very Necessary iliuza nakala zaidi ya milioni tano Marekani.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza dhidi ya nyimbo za namna hii ni la haki. Ikiwa ni vibaya kumfanya mtu kuwa viungo vya mwili tu, ubaya huo hauondoki kwa sababu mfanyaji sasa ni mwanamke. Laura Mulvey, katika makala yake ya mwaka 1975 juu ya sinema, alieleza jinsi kamera ilivyompa mwanamume nafasi ya kutazama na mwanamke nafasi ya kutazamwa. Kubadilisha watu katika nafasi hizo kunaziacha nafasi zenyewe zikisimama.

Hoja hii ina uzito, lakini inasahau yanayotokea nje ya wimbo. Mwanamke anayetupiwa maneno barabarani usiku ana sababu ya kuogopa kufuatwa. Mwanamume anayesifiwa makalio na Salt hana hofu hiyo. Maneno yaleyale yakitoka kwa asiye na uwezo wa kudhuru yanabaki mzaha, na mzaha huo unawafundisha wanaume kitu ambacho mahubiri yameshindwa kuwafundisha. Zaidi ya hapo, "Shoop" unamwachia mwanamume nafasi ya kujibu. Matusi ya mitaani hayangoji jibu.

Pingamizi la pili linatoka kwa Salt mwenyewe. Cheryl James, aliyejikita baadaye katika imani ya Kikristo, aliliacha kundi mwaka 2002, na kipindi cha televisheni cha The Salt-N-Pepa Show cha mwaka 2007 kilionyesha jinsi alivyosita kuyaimba tena baadhi ya maneno ya ujana wao, huku Pepa akiona hayana ubaya. Mvutano huo haufai kuchukuliwa kama ushahidi kwamba wimbo ulikuwa kosa. Mwanamke aliyekuwa na haki ya kusema ana haki pia ya kubadili anachotaka kusema. Uhuru unaomlazimisha mtu kubaki vilevile maisha yake yote ni amri nyingine.

Waliofuata

Mlango uliofunguliwa ulipitiwa na wengi. Mwaka 1996 Lil' Kim na Foxy Brown walitoa albamu zao za kwanza zenye lugha kali kuliko ya Salt-N-Pepa. Mwaka 2002 "Work It" wa Missy Elliott, mtunzi na mtayarishaji wa kazi zake, ulifika nafasi ya 2. Ciara mwaka 2006 na Beyoncé mwaka 2008 waliimba waziwazi juu ya mwanamke kuchukua nafasi ya mwanamume, ingawa kwao lengo lilikuwa kumshtaki mpenzi asiyejali. Agosti 2020 "WAP" wa Cardi B na Megan Thee Stallion uliingia kwenye chati moja kwa moja nafasi ya 1, na lawama zilizofuata zilikuwa zilezile zilizomsubiri Pepa mwaka 1993 alipoomba namba ya simu.

Mwaka 2025 Salt-N-Pepa walitunukiwa na Rock and Roll Hall of Fame kwa mchango wao katika muziki wa waliofuata. Mwaka huohuo walifungua kesi dhidi ya kampuni ya Universal Music Group wakidai haki ya kurejeshewa umiliki wa rekodi zao za zamani.

Kesi hiyo inakumbusha kipimo kinachofaa kutumika kwa kila wimbo unaojinadi kwa ujasiri wa mwanamke. Wingi wa maneno makali si kipimo, maana maneno makali yanaweza kuandikwa na yeyote na kuuzwa na yeyote. Maswali ya kuuliza ni manne: nani ameandika, nani anatazama, anayetazamwa ana nafasi ya kujibu, na fedha zinaingia mfuko wa nani? Kwa matatu ya kwanza "Shoop" unajibu vizuri kuliko nyimbo nyingi za kabla yake na za baada yake. La nne lilikuwa bado linadaiwa mahakamani zaidi ya miaka 30 tangu wimbo utoke, na mpaka wanawake walioimba watakapolipata jibu lake, ugeuzaji wa nafasi waliouanza utakuwa haujakamilika.